Ulimbo si tumbo: je, maua ya Stylidium yanakula wadudu?

Gusa koo la ua la Stylidium, mmea wa Australia, kwa ncha ya kijiti cha meno. Mkono mwembamba uliokuwa umejikunja nyuma ya petali unafyatuka, unavuka juu ya ua na kukigonga kijiti. Kwa baadhi ya spishi tendo zima huchukua milisekunde 15 hivi. Ukipepesa jicho limeshakupita. Sasa shusha macho sentimita mbili chini ya ua hilohilo. Kikonyo na sepali vimejaa vinyweleo vyenye vichwa vya mviringo, kila kichwa kimebeba tone linalometameta, na ndani ya matone hayo kuna vijidudu vimenasa, vimekauka, mbawa zimegandana.

Anayeyaona hayo mawili kwa pamoja, ua linalopiga na shina linalonasa, huyaunganisha papo hapo: basi huu ni mmea mwindaji, unawapiga wadudu kisha unawala. Maelezo ya namna hiyo yamesambaa sana, na picha za ua linalofyatuka zimeyapa nguvu. Mimi nashikilia kwamba mambo mawili yamechanganywa. Kupiga ni kazi ya uzazi. Kunasa ni kazi nyingine kabisa, na kama kunasa huko ni kula au si kula ni swali la kupimwa, halijibiwi kwa kutazama.

Tuanze na kupiga, maana hapo hakuna utata.

Stylidium ni jenasi ya Australia hasa, na sehemu kubwa ya spishi zake, ambazo jumla yake hukaribia 300, ziko kusini-magharibi mwa jimbo la Western Australia. Iko katika oda ya Asterales, pamoja na alizeti. Ule mkono si kiungo cha kuwindia. Ni stameni, yaani viungo vya kiume, na shingo ya kiungo cha kike cha ua vilivyoungana vikawa nguzo moja. Kwenye ncha kuna chavulio mbili, yaani vifuko vya chavua, na katikati yake kuna stigma, sehemu inayopokea chavua. Ua likiwa changa, chavulio hupasuka kwanza na mkono unapiga ukiwa umebeba chavua. Baada ya siku chache stigma inavimba, inazisukuma chavulio pembeni, na mkono uleule sasa unapiga ili kupokea. Nyuki aliyepakwa unga wa manjano mgongoni kwenye ua changa anaguswa mahali palepale na stigma ya ua lililokomaa. Pigo la kila spishi lina mahali pake: nyingine hupiga mgongo, nyingine kichwa, nyingine tumbo. Ndiyo maana spishi kadhaa zinaweza kuchanua bega kwa bega bila chavua zao kuvurugika ovyo.

Mdudu aliyepigwa anastuka, anaondoka mzima na kwenda ua lingine. Mkono nao unarudi polepole mahali pake, kwa dakika chache hadi kama nusu saa, tayari kupiga tena.

Wanaojaribu kufyatua ua kwa mkono mara nyingi wanakosea mahali. Wanagusa petali, au wanagusa ncha ya mkono, kisha wanasema ua limekufa. Sehemu inayohisi iko chini, pale mkono unapochomoza kooni, karibu na mbochi. Sababu ya pili ni haraka: ua lililopiga muda mfupi uliopita haliwezi kupiga tena mpaka lijikunje upya. Ya tatu ni baridi. Asubuhi yenye ubaridi mkono unatoka kwa uvivu au hautoki kabisa, na jua likipanda unarudia kasi yake. Kama una Stylidium debile kwenye chungu, ambayo wakuzaji wengi wa mimea walao wadudu wanayo, jaribu kwanza saa nne asubuhi kuliko saa moja.

Kwa hiyo pigo halimuui mtu. Na anayepigwa si yule anayenaswa. Wachavushaji ni nyuki wa porini na nzi wenye manyoya wanaofyonza mbochi, viumbe wenye nguvu ambao tone la ulimbo haliwashiki. Wanaobaki kwenye vinyweleo ni visubi na vijinzi vya milimita moja au mbili. Mmea unaonasa wachavushaji wake mwenyewe unajikata mkono, ndiyo sababu mimea mingi inayokula wadudu huinua maua yake juu kabisa ya mitego. Stylidium imeweka ulimbo mlangoni kwa ua, lakini ulimbo dhaifu.

Sasa kunasa. Mwaka 2006 Douglas Darnowski na wenzake walichapisha utafiti ulioweka Stylidium kwenye orodha ya mimea inayokaribia kula wadudu. Hoja zao zilikuwa na uzito. Vinyweleo vya Stylidium fimbriatum vilionyesha protease, yaani kimeng'enya kinachovunja protini. Wadudu walionaswa walikuwa wengi kwa kiwango kinachofanana na mimea jirani inayojulikana kuwa walaji. Na makazi ni yaleyale: mchanga uliolowa, jua kali, virutubisho haba, Drosera, mimea ya ulimbo inayojulikana kula wadudu, zikiwa zimetapakaa pembeni.

Ukisoma hayo unashawishika. Lakini angalia papai.

Utomvu wa papai bichi umejaa papaini, protease yenye nguvu kiasi kwamba wapishi wa Pwani huweka kipande cha papai bichi kwenye nyama ngumu ili ilainike. Hakuna anayesema mpapai unakula nyama. Mpapai hutumia papaini kujikinga: kiwavi akitafuna jani, utomvu unamharibu tumbo. Basi protease kwenye kinyweleo inatuambia kwamba protini inaweza kuvunjwa hapo. Haituambii kwamba kilichovunjwa kinaingia ndani ya mmea, wala kwamba mmea unafaidika nacho.

Ulimbo wenyewe pia una kazi zake za kawaida. Shika shina la nyanya halafu tazama vidole: rangi ya kijani-manjano na ile harufu hutoka kwenye tezi za vinyweleo, na vidukari na inzi weupe hunasa humo wakafa. Maua na mbegu ndiyo mali ghali kuliko zote mmea ulizonazo, kwa hiyo si ajabu kinga ikawekwa nene hapohapo. Sisimizi anayepanda kuiba mbochi bila kubeba chavua anazuiwa njiani. Methali inasema nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Lakini nzi kufa juu ya kinyweleo hakumaanishi kinyweleo kimeshiba.

Upande wa pili wa sarafu hiyo uko Rasi ya Afrika Kusini. Roridula, jenasi yenye spishi mbili tu, R. dentata na R. gorgonias, hunasa wadudu wengi kwa gundi ya utomvu isiyoyeyuka katika maji, na katika gundi ya aina hiyo vimeng'enya haviwezi kufanya kazi. Ua lake nalo lina ufundi wake: chavulio zikiguswa hugeuka ghafla na kumwaga chavua. Ukipima protease ukakosa, utasema huyu si mlaji. Lakini juu ya majani yake wanaishi wadudu wa jenasi Pameridea, ambao hutembea kwenye gundi bila kunasa. Wao ndio wanaowala walionaswa, wanakunya kwenye jani, na jani linafyonza nitrojeni kutoka kinyesi hicho. Hilo limethibitishwa kwa kufuatilia nitrojeni yenyewe.

Kwa hiyo mpapai una kimeng'enya na hauli, Roridula haina kimeng'enya na inashiba. Ndiyo maana nakataa kabisa mtindo wa kuutangaza mmea kuwa mlaji kwa sababu tu vinyweleo vyake vimetoboa jelatini, kipimo cha kawaida cha protease. Swali la maana ni moja: nitrojeni iliyokuwa ndani ya mdudu leo, wiki mbili baadaye iko wapi?

Namna ya kulijibu ipo. Sehemu kubwa kabisa ya nitrojeni duniani ni ile yenye uzito wa 14. Ile ya uzito wa 15 ni asilimia 0.37 hivi tu. Unawalisha nzi wa matunda hamira iliyokuzwa kwa chumvi ya amonia yenye nitrojeni-15 nyingi, hivyo miili yao inakuwa na alama. Nzi hao unawaua kwa kuwagandisha, kisha unawabandika kwenye vinyweleo. Baada ya siku au wiki kadhaa unachuma majani ambayo hayakuguswa na nzi, unayaosha, unayakausha, unayasaga na kuyapeleka kwenye spektrometa ya masi, mashine inayotenganisha atomu kwa uzito wake. Alama ikionekana kwenye majani, imesafiri ndani ya mmea.

Linaloharibu kipimo hiki ni mvujo. Nzi mmoja akidondoka kwenye udongo na kuoza, mizizi inafyonza nitrojeni yake kama inavyofyonza mbolea, na majani yanaonyesha alama ile ile. Kwa hiyo udongo hufunikwa, nzi huhesabiwa kila siku, na pembeni huwekwa mimea miwili ya kulinganisha: mmoja unaojulikana kula wadudu, mwingine wa kawaida ambao nao umebandikwa nzi. Bila huo wa kawaida matokeo hayana thamani, kwa sababu hata jani la kawaida hufyonza kidogo likilowa.

Njia ya shambani ni kuacha kubandika nzi na kupima nitrojeni-15 ya asili. Wanyama hulimbikiza nitrojeni nzito kuliko chakula chao, kwa wastani wa sehemu 3 hivi katika elfu kwa kila ngazi ya ulaji. Mmea unaokula wadudu basi huelekea kuwa na nitrojeni nzito kuliko majani ya jirani zake. Hii ni njia nzuri pale tu jirani zimechaguliwa vizuri: ukilinganisha na mmea wa jamii ya kunde, unaopata nitrojeni kutoka hewani, tofauti utakayoiona ni ya kunde, si ya wadudu.

Mwaka 2018 Francis Nge na Hans Lambers wa Chuo Kikuu cha Western Australia waliitumia nitrojeni-15 kuipima Stylidium, wakiilinganisha na Drosera za makazi hayohayo. Hawakupata ushahidi kwamba Stylidium inategemea wadudu kwa nitrojeni yake. Hapo ndipo ninaposimama: Stylidium inanasa, inaua, ina protease, lakini kuiita mlaji kunahitaji mlo uliofika kwenye majani, na mlo huo haujaonyeshwa. Neno linalotumiwa, nusu-mlaji, linaudanganya msomaji kwa sababu linadokeza mmea ulio njiani kuelekea kula, kana kwamba kinga ya maua haitoshi kuwa maelezo kamili.

Wapo watakaosema kwamba kipimo hiki ni kikali mno na kingewakataa wote. Si kweli, na mfano ni Triantha occidentalis.

Ua hili jeupe la vinamasi hukua magharibi mwa Amerika Kaskazini, kuanzia California hadi Alaska. Lilipewa jina la kisayansi katika karne ya 19, na watu wamelipita miaka yote hiyo. Shina lake la maua lina vinyweleo vya ulimbo, tena karibu na maua, sawasawa na Stylidium. Mwaka 2021 Qianshi Lin, Sean Graham, Thomas Givnish na mwenzao Cécile Ané walichapisha matokeo ya kubandika nzi wenye nitrojeni-15 kwenye mashina hayo katika milima iliyo jirani na Vancouver, Kanada. Zaidi ya nusu ya nitrojeni ya majani ilitoka kwa wadudu. Mmea wa kawaida uliowekwa kando kwa kulinganisha haukupata kitu cha maana. Shina pia lilitoa fosfatase, kimeng'enya kinachoachanisha fosforasi. Na ulimbo wake ni wa nguvu ndogo: unashika vijidudu, unawaachia nyuki na vipepeo. Maumbile yale yale, mahali pale pale kwenye mmea, jibu tofauti. Kwa jicho usingewatenganisha.

Kuna maua mengine yanayoua au kufunga wadudu na kusingiziwa ulaji, na mengine tunayo huku kwetu. Yungiyungi, siku yake ya kwanza ya kuchanua, huwa la kike: kikombe cha stigma kinajaa majimaji, na stameni za ndani zimesimama laini na telezi. Nyuki aliyetoka ua lingine na chavua mwilini anateleza, anatumbukia, chavua inasafishwa na kuzama hadi kwenye stigma. Wengine wanashindwa kutoka na kufa humo. Siku ya pili majimaji hayapo tena, stameni zinatoa chavua, na wageni hawapati hatari yoyote. Majimaji yale ni ya kuoshea. Ukitaka kuyaona, fika bwawani siku ua linapofunguka kwa mara ya kwanza. Ukienda kesho yake utakuta kikombe kikavu na utadhani umedanganywa.

Ceropegia hufunga bila kuua. Nzi mdogo anaingia kwenye mrija wa ua, vinyweleo vinavyoelekea chini vinamzuia kurudi, anabebeshwa vifuko vya chavua mdomoni, kisha vinyweleo vinanyauka na anaondoka. Ceropegia sandersonii ya Afrika Kusini, kama ilivyoripotiwa mwaka 2016, hutoa harufu inayoiga ya nyuki aliyejeruhiwa, na huwavuta nzi wa jenasi Desmometopa ambao hula majimaji ya nyuki wanaoliwa na buibui.

Arisaema ndiyo inayoonekana katili. Ua lake la kiume lina tundu dogo chini, mdudu hutokea hapo na chavua yake. Ua la kike halina tundu. Wachavushaji wengi hufia ndani. Lakini kwa Arisaema thunbergii ya Japani, Kenji Suetsugu na wenzake walionyesha mwaka 2024 kwamba visubi wa spishi Leia ishitanii hutaga humo, na mabuu hukua kwa kula ua linalooza. Waliokufa waliacha watoto kwenye chakula. Hapo ua ndilo linaloliwa na wadudu.

Kwa mwalimu au mkuzaji asiye na spektrometa, kipimo cha jelatini bado kina nafasi, ilimradi kisibebeshwe mzigo usio wake. Kinauliza tu kama kuna protease. Yeyusha gramu 5 za jelatini isiyo na sukari katika mililita 50 za maji ya mvua yaliyochemshwa, tia matone mawili ya rangi ya chakula, mimina kwenye visahani ibaki tabaka la milimita moja au mbili, acha igande kwenye friji. Weka juu yake kipande cha shina chenye vinyweleo, upande wa matone ukiangalia chini. Kwenye visahani vingine weka: tone la utomvu wa papai bichi, kipande cha shina kisicho na vinyweleo cha mmea huohuo, kipande chenye vinyweleo kilichochemshwa dakika 10, na tone la maji matupu. Funika, acha saa 24. Papai lazima litoboe, la sivyo jelatini yako ni mbovu. Kilichochemshwa lazima kisitoboe. Kikitoboa, kilichofanya kazi si kimeng'enya.

Joto ndilo adui mkubwa wa jaribio hili Pwani. Jelatini ya jikoni huanza kulegea inapokaribia nyuzi 30 za Selsiasi, kwa hiyo meza ya Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari itakupa mashimo kila mahali. Tafuta chumba cha nyuzi 20 hadi 24. Usiache sahani ndani ya friji muda wote, kwani kimeng'enya nacho kinazubaa. Mkanda mweusi na mweupe wa kamera za zamani ni bora zaidi kwa sababu jelatini yake imekazwa, na ukiliwa na kimeng'enya unaona doa angavu pale tabaka lilipoondoka. Chagua vinyweleo ambavyo havijanasa kitu. Tumbo la mdudu lina protease zake, na ukiweka shina lenye maiti utapima mdudu. Ukungu au utelezi wa bakteria ukionekana, tupa sahani hiyo, maana nao huyeyusha jelatini.

Mmea mzuri wa kuanzia kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ni Plumbago zeylanica, kichaka chenye maua meupe kinachoota porini na kandokando ya mashamba. Kalisi yake, yaani sepali zilizoungana kuwa mrija, ina tezi zenye ulimbo mzito, na vijidudu hunasa humo. Kinasaba ni jamaa wa karibu wa kundi lenye Drosera na Nepenthes, mimea inayokula wadudu, jambo linalowafanya wengi waruke moja kwa moja hadi kwenye ulaji. Kabla ya kuyeyusha jelatini, fuata kalisi moja kuanzia chipukizi hadi tunda. Utaona tezi hazinyauki ua linapokauka. Zinabaki zimelizunguka tunda hadi linakomaa. Kisha pitisha mkono wa shati juu ya kichaka, uhesabu kalisi zilizoganda kwenye kitambaa, na ufungue kila moja uone kama ina mbegu ndani: huenda ulimbo huo ni wa kusafirisha mbegu, si wa kula.